Bawa Halipumui

Nilijiunga na klabu ya kurusha ndege ndogo za mfano nikiwa na miaka thelathini na minane. Akina mama wa kanisa walinicheka mpaka wakashika mbavu. "Mama Nekoye," mmoja akaniuliza, "sasa watoto watachezea nini kama wewe umewanyang'anya vitu vyao?" Niliwaacha wacheke. Sababu yangu haikuwa ya kuambia watu.

Sababu yenyewe ilikuwa imekaa nyumbani, katika chumba chetu cha kupanga mtaa wa Huruma, Eldoret, kwenye kiti kilichotazama ukuta. Mume wangu Shitanda alikuwa fundi wa ndege katika jeshi la anga. Mambo ya Agosti themanini na mbili yalipotokea, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, alizolewa pamoja na wenzake, waliofanya na wasiofanya. Akakaa ndani miezi saba. Hakushtakiwa. Siku moja akaachiliwa, akapewa barua ya kumwachisha kazi, akanifuata huku Eldoret nilikokuwa nikishona nguo kwenye veranda ya duka la vitambaa. Nilimpokea kwa chai na mandazi. Akanywa, akasema asante. Kwa mwaka mzima baada ya hapo, sidhani alitamka maneno mia moja.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliungoja huo mshindo mpaka nikachoka. Hakunipiga, hakulewa, hakulia. Saa ya ukutani iliharibika, na mtu aliyewahi kufungua injini nzima ya ndege na kuifunga tena akawa anaitazama tu. Nikimwambia atafute kazi gereji, ananijibu, "Wataniuliza nilikuwa wapi." Nilimkasirikia, sitaki kudanganya. Kuna siku niliwaza kwamba heri angekufa kulekule, nijue ninalia nini. Halafu nikaona aibu, nikaenda kanisani peke yangu.

Basi mwaka wa themanini na nne, mwalimu mmoja wa fizikia anaitwa Kipyego alifika kwenye veranda yangu akiwa amebeba fito za mianzi zilizofungwafungwa. Akaniomba kitambaa chepesi cha bitana cha kuzivisha. Nikamuuliza kama ni mtego wa samaki. Akasema ni bawa la ndege. Mianzi ilitoka msitu wa Timboroa, na ramani ya kuiundia aliikuta katika gazeti la kizungu. Walikuwa na klabu, watu wanane, na kila Jumamosi mchana walikutana kwenye shamba la ngano la Mzee Kimeli, mwenyekiti wao, nje kidogo ya mji. Injini walikuwa nayo moja tu, ndogo kama ngumi ya mtoto.

Nilitaka kusema, mume wangu anazijua hizo. Lakini Kipyego alikuwa tayari ananieleza masharti, kwa sababu alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Kila mwaka majina ya wanachama wote yalipelekwa ofisini kwa mkuu wa wilaya, pamoja na namba ya kitambulisho na kazi ya kila mmoja, ndipo kibali kitoke. Nyakati zile, watu wanane wakusanyike shambani na vitu vinavyoruka bila kibali? Nikameza maneno yangu. Jina la askari wa anga aliyefukuzwa lingeizika hiyo klabu siku hiyohiyo.

"Basi niandike mimi," nikasema. "Nanzala, fundi wa nguo."

Jumamosi ya kwanza nilikuta wanafungua kwa maombi, kisha wanasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, kisha mjadala, na ndege yenyewe ikaruka dakika moja ikaingia kwenye mabua. Hata hivyo nilirudi nyumbani na bawa moja kwapani, kazi yangu ikiwa ni kulivisha. Nikalishona kama ninavyojua kushona. Nikaacha nafasi, maana nguo isiyo na nafasi hupasuka mtu akiinama. Nilijiona fundi kweli, nikaliweka mezani, nikaanza kupika.

Nyuma yangu nikasikia, "Mama Nekoye, hii umeshona ni kanzu?"

Niligeuka na mwiko mkononi. Shitanda alikuwa ameinuka. Alikuwa amelishika bawa kwa vidole viwili na anakibonyeza kitambaa, kinabonyea.

"Nguo ni ya mwili, na mwili unapumua," akasema. "Bawa halipumui. Hewa ikikuta kitambaa kimelegea, inakikunja inavyotaka. Kivute mpaka kilie kama ngoma."

Kisha akarudi kwenye kiti chake. Ugali uliungua usiku ule na hakuna aliyelalamika.

Nilifumua, nikavuta, nikabandika upya kwa gundi. Na kutoka siku hiyo nikawa mwanamke mwongo. Kila wiki nilileta kitu nyumbani, na kila wiki nilikikosea kwa makusudi. Nilibandika mkia ukielekea upande. Nikaweka uzito wa madini ya risasi nyuma badala ya mbele. Yeye angevumilia kidogo, halafu ungeona shingo inakakamaa, halafu anainuka. "Wewe unataka kuua watu?" angesema, na kukichukua mkononi. Mara ya kwanza sentensi mbili. Baadaye tano. Kufikia Septemba alikuwa akinichorea kwa chaki ya kushonea juu ya meza.

Shambani nikawa mtu wa maana. Ndege yao kubwa ilikuwa inakataa kupanda, injini inanguruma lakini yenyewe inaburuta tumbo. Nikawaambia ramani yao ilichorwa na watu wanaokaa karibu na bahari. "Sisi tuko juu," nikasema, "hewa yetu ni nyepesi, haibebi. Panueni bawa, punguzeni mbao." Kipyego akavua miwani. Alikuwa anafundisha mambo hayo darasani na hakuwahi kuyaleta shambani.

"Mama, nani anakufundisha?" akaniuliza pembeni.

"Mungu," nikamjibu. Alinitazama sana, lakini hakuuliza tena.

Tuliijenga upya mpaka Desemba, ngano ikiwa imekwisha kuvunwa. Ilikuwa ndege ya kamba, yaani mrushaji husimama katikati akizunguka nayo, ameshika nyaya mbili zinazoifikia bawani. Ijumaa nilimwambia Shitanda kwamba injini imegoma, na hiyo haikuwa hila yangu. Wanaume wote wamejaribu. Nilimwonyesha kidole changu kilichokatwa na propela. Akakifunga kwa kipande cha kitambaa bila kusema neno, nami nikaumia zaidi kwa ule unyamavu kuliko kwa kidonda. Nilidhani tumerudi kulekule.

Kesho yake, tukiwa tumeinamia ile injini, nilimwona mtu anakuja kwa miguu kupitia mabua. Alivaa koti lake la harusi na viatu alivyovipiga rangi. Sikumtambua mara moja, maana sikuwa nimemwona akitembea mbali hivyo tangu arudi.

"Ni mume wangu," nikasema.

Aliwasalimu wote kwa mkono, akianza na Mzee Kimeli. Akapiga magoti. Akanusa mafuta, akafungua skrubu moja nusu mzunguko, akaweka sikio karibu, akafungua kidogo tena. Akaizungusha propela kwa kidole. Ikakohoa. Mara ya tatu ikashika, ikalia sauti moja nyembamba, safi, na wanaume wale wote wakarudi nyuma hatua. Wakampa nyaya bila yeye kuomba. Ndege ilikimbia juu ya mabua, ikainuka, ikazunguka kichwa chake mara ishirini, naye katikati anageuka nayo taratibu na koti lake la harusi. Nililia waziwazi. Mafuta yalipokwisha aliishusha kama mtu anayelaza mtoto.

Kipyego alikuwa amefungua rejista tayari, anacheka peke yake. Mzee Kimeli hakucheka. Alikuwa na shamba, ng'ombe wa maziwa, na jina lake ndilo lililokuwa juu kwenye kibali.

"Kijana," akasema kwa upole, "ufundi huu uliupatia wapi?"

Nikadakia haraka. "Gereji, Mzee. Gereji ya Nakuru, miaka mingi."

Uongo ule ulikuwa mzuri. Ungetutosha sote. Nilimtazama Shitanda nikimwomba kwa macho aupokee, na nikaona ameuona, ameupima, ameuweka chini.

"Mke wangu ananisitiri," akasema. "Mimi ni fundi wa ndege, Mzee. Nilikuwa jeshi la anga mpaka Agosti themanini na mbili. Walinifunga miezi saba, wakanitoa bila kesi."

Kipyego aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Mwalimu," Mzee Kimeli akasema, "funga hicho kitabu. Leo hapakuwa na mkutano. Kijana, rudi nyumbani salama, hakuna aliyekuona hapa."

Alisema kwa wema, na najua hivyo. Angeweza kutufukuza. Lakini nilimwona mume wangu akipokea yale maneno, nikajua kwamba akirudi kwenye kile kiti leo, hatainuka tena.

"Mzee, nakuheshimu," Shitanda akasema. "Mwaka mzima na zaidi nimekuwa mtu ambaye hakuna aliyemwona. Nimechoka nayo. Ukitaka niende, nifukuze kwa jina langu."

Mzee Kimeli alitazama shamba lake, upande huu na ule. Kisha akamnyang'anya Kipyego kalamu. Alikuwa haandiki upesi. Alimuuliza jina, akaliandika herufi moja moja. Alipofika mahali pa kazi hakuuliza. Aliandika mwenyewe: fundi wa ndege.

Kibali cha mwaka uliofuata hakikutoka, na Mzee Kimeli aliitwa ofisini mara mbili kujieleza. Hakuwahi kunilaumu, ingawa mimi nilijilaumu. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Jumamosi ile tulitembea sisi wawili kutoka shambani mpaka Huruma, mwendo wa saa moja na nusu, na mume wangu akaongea. Aliongea habari za injini, za hewa, za wenzake wa zamani na majina yao, za chakula cha kule ndani na mlango ulivyokuwa ukilia. Karibu na nyumbani miguu ilikuwa inaniuma na masikio yamejaa, nikamwambia, Baba Nekoye, nyamaza kidogo nipumzike. Hakunyamaza.