Jina la Kinachobaki

Adélaïde, mchumi wa chuo kikuu, alisimama mikono juu ndani ya kibanda cha Saliha, fundi cherehani wa mtaa wa Jabe, akijaribishwa gauni la kuvaa kwenye mkutano wa wachumi mtaani Rohero.

"Utaenda kusema nini kule?" Saliha aliuliza, pini mdomoni.

"Kwa nini nchi zinatajirika. Unachukua ukuaji wote wa uchumi, unatoa kazi ya watu, unatoa mashine na majengo. Kinachobaki tunakiita teknolojia."

"Na hicho kinachobaki, mulikipima?"

"Apana. Ni kile tu tunachoshindwa kuelezea."

Saliha alizitema pini kiganjani. "Ngoja, dokta. Miaka kumi na tano ya masomo, na kitu musichokijua mukakipa jina?"

Adélaïde alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtoka kwa nguvu hadi gauni likafumuka kwapani.

Kesho yake, mbele ya maprofesa wenye tai, aliweka karatasi kando akasema vilevile alivyoambiwa na fundi wake. Kisha profesa mmoja aliyekuwa akisinzia tangu asubuhi akacheka hadi miwani ikamdondoka, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake Adélaïde akaulizwa maswali mpaka chakula kikapoa.