Waya wa Vichwa Viwili

Kaka yangu Alcide si mtu mbaya. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu nikishaanza mengine sitalikumbuka.

Anakaa kwenye nyumba ya Papa, marehemu baba yetu, hapa kando ya mfereji, kusini kabisa mwa Louisiana, ambako redio ikitaja kimbunga watu huuliza tu kama kinazidi kile kilichopita. Baada ya mafuriko nyumba ile iliinuliwa juu ya nguzo. Ina paa jipya na madirisha ya kuhimili upepo, watu hupita wakaisifia. Lakini umeme wake ni ule ule wa Papa: nyaya zilizovikwa kitambaa, boksi la fyuzi lililoachwa chini nyumba ilipopanda juu, na swichi kuu iliyoganda kwa kutu. Maji ya chumvi yalipoingia kwenye boksi hilo, Alcide alilikausha kwa mashine yangu ya kukaushia nywele. Akanirudishia na asante juu.

Halafu kuna ule waya. Haukununuliwa dukani, maana hakuna duka linalothubutu kuuza kitu kama kile. Papa aliutengeneza mwenyewe juu ya meza ya jikoni: plagi yenye meno huku, plagi yenye meno huku. Kichwa kimoja unakichomeka kwenye jenereta, cha pili kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo, na nyumba nzima inawaka. Ukisahau kukata swichi kuu, umeme hauishii ndani. Unatoka nje kinyumenyume hadi kwenye transfoma ya barabarani, na transfoma inayoupunguza unapoingia huuzidisha unapotoka. Unapanda laini ukiwa na nguvu za kuua ng'ombe. Waya huo Alcide ameutundika kwenye msumari karibu na picha ya Bikira Maria, na kila baada ya kimbunga unaazimwa nyumba kwa nyumba.

Nilimletea fundi. Fundi akamwambia boksi jipya liwekwe juu, na swichi ya kugeuza, ambayo jenereta ikiingia laini inatoka, haziwezi kukutana hata ukiwa umelewa. Alcide akamsikiliza vizuri, akampa kahawa, kisha akaenda kununua friza la pili.

"Dada, Papa aliutumia waya huu maisha yake yote," aliniambia. "Kafa kwa moyo, hakufa kwa umeme."

"Papa hakuwa na mjukuu juu ya nguzo," nikamjibu.

Mjukuu huyo ni Remie, binti yangu. Kazi yake ni hiyo, kupanda nguzo za umeme na kuunga laini. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu ndiye asiyesikia, na guu linalovunjika ni la mwingine.

Kimbunga cha mwaka huu kilipopita, mafundi walikuja kutoka majimbo ya mbali, nasi tukawalisha kama kawaida yetu. Remie alipangwa pamoja na kijana wa Arkansas aitwaye Tolliver, mrefu, mwenye masikio makubwa. Alikula kibarazani kwangu huku machozi yakimtoka.

"Mama Odalie, hii pilipili ni chakula au adhabu?"

"Kula, mwanangu. Huko kwenu mnakula viazi ndiyo maana mko wapole."

Akacheka, akaongeza bakuli. Kesho yake aliomba kazi ya barabara yetu apewe yeye. Alisema hawezi kuwaacha gizani watu waliomshibisha.

Adhuhuri nilikwenda kwa Alcide kuazima sufuria kubwa. Nikiwa bado kwenye ngazi nikasikia jenereta. Alcide amekaa kibarazani na jirani yake Percy Falgout, bia mkononi, na feni ya dari inazunguka juu ya vichwa vyao.

"Karibu kwenye ustaarabu!" Percy akanipigia kelele. "Alcide kaokoa kambamiti wake. Wangeoza, harufu ingefika Texas."

"Umechomeka wapi?" nikamuuliza kaka yangu.

"Odalie, usianze."

"Swichi kuu umekata?"

"Imeganda, si unajua? Laini yenyewe imekatika huku na huku. Umeme utakwenda wapi?"

"Keshakuwa mkaguzi huyo," Percy akasema. "Mpe bia apoe."

Nilishuka ngazi mbio nikazima jenereta. Wote wawili wakaanza kunitukana kutoka juu, na katikati ya matusi yao nikasikia mayowe barabarani.

Nilikimbia. Kofia za mafundi zote ni nyeupe na nguo zao zote ni moja, kwa hiyo niliona tu mtu mmoja amelala chini na mwingine amepiga magoti anamkandamiza kifua. Aliyepiga magoti aliinua uso. Alikuwa Remie.

"Asante Mungu," nikasema. Nilisema kwa sauti, mtoto wa mwanamke mwingine akiwa amelala pale, mikono yake imeungua hadi viwiko.

Alcide alifika nyuma yangu akihema. Akatazama, akashusha pumzi. "Afadhali si Remie," akasema.

Nikamchapa kofi. Kaka yangu mkubwa, mbele ya majirani. Nilimchapa kwa ajili ya maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshayasema, na ningeweza ningejichapa na mimi.

Walikuwa wameupima waya ukawa umekufa. Tolliver aliponyoosha mkono ili auunganishe na ardhi, kama kanuni yao inavyotaka, Alcide alikuwa ameshavuta kamba ya jenereta. Helikopta ilimchukua akiwa hai. Mkono wa kulia, walisema, hautapona.

Jioni Remie alirudi kwa Alcide na gari la kampuni. Alcide akamshukia na bakuli mkononi, la kambamiti wale wale.

"Kula kwanza, mwanangu. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

Remie hakugeuka. Alivaa mkanda wake, akapanda nguzo iliyo mbele ya nyumba, akakata waya unaoingia ndani. Ukaanguka uani.

"Remie! Mimi mjomba wako! Umezaliwa chumba kile pale!"

"Ndiyo maana nimekuja mimi," akasema akiwa bado juu. "Wenzangu walitaka kuja wao."

Alishuka, akaanza kukunja waya taratibu. Alcide alimfuata hadi garini, machozi yakimlengalenga, bakuli bado mkononi. Kwa mara ya kwanza sikumwonea huruma hata kidogo.

"Nitaweka boksi jipya. Naapa. Nikishaweka, utakuja lini kuniungia?"

"Barabara hii ni zamu ya Tolliver, mjomba," Remie akasema. "Msubiri yeye."