Supu ya Nyumba ya Hao

Siku ya Dongzhi, sikukuu ya katikati ya baridi, Suyun aliamka kabla ya jogoo, akavunja barafu iliyoganda mtungini na kubandika chungu. Alitia mbavu za kondoo, tangawizi ya kuponda, konzi ya kunazi nyekundu, na mzizi wa dawa uitwao danggui aliokatakata vipande vyembamba kama kucha. Kijijini walisema, ukijilisha vizuri wakati wa baridi, majani yakichipua unaweza kupigana na chui milia.

Supu ilipoiva aliipeleka ukumbini. Pale mezani walikaa Mzee Hao, baba mkwe wake, na Jingtang, mumewe. Suyun na mama mkwe walikula jikoni, uji wa mawele na figili za chumvi. Supu ikibaki, wangekunywa. Haikuwahi kubaki.

Tangu ajifungue, Suyun alikuwa na baridi ambayo haikusikia moto. Mikono yake ilikuwa kama jiwe la kisimani. Binti yake Lamei, akiguswa na mikono ile, alilia mpaka bibi yake aje kumchukua. Suyun alijifunza kumbeba mwanawe kwa kumfunga kitambaa kwanza, kama mtu anayebeba sufuria ya moto.

Adhuhuri ile, wanaume walipomaliza mabakuli yao, Mzee Hao alianza kupiga chafya. Jingtang aliomba blanketi. Jikoni, Suyun alihisi joto likimpanda kutoka nyayoni, taratibu, kama maji yanayopanda kwenye utambi. Akavua koti. Akamshika Lamei bila kitambaa. Mtoto alimtazama, akakamata kidole chake, akakinyonya.

Kesho yake barafu ya kisimani iliyeyuka pale aliposimama. Kijiti chake cha kulia chakula kilikuwa kimeingia chini ya jiwe la kusagia, akaliinua jiwe kwa mkono mmoja, akakitoa, akakipangusa. Jirani aliyekuwa akipita na punda alisema tu, "Ukimaliza hapo, uje unisaidie na langu."

Mzee Hao alimwita ukumbini.

"Umekula nyama yangu?"

"Sijaonja, Baba."

"Alikunywa uji," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Nilikuwa naye. Ulikuwa mwepesi, unaweza kujitazama ndani yake."

Akaitwa Tabibu Dou. Alimpima Jingtang mapigo kwa vidole vitatu, akafumba macho, akasema, "Huyu hajala kitu." Akampima Mzee: "Na wewe." Alipomgusa Suyun, mapigo yaliurusha mkono wa tabibu mezani. "Huyu amekula kondoo mzima."

"Kondoo ni wangu!" alisema Mzee Hao.

"Supu haijui mwenye kondoo. Inajua mwenye baridi," Tabibu alijibu, akiomba chai. "Halafu dawa hiyo, tangu enzi za mabibi zetu, ni ya mwanamke aliyetoka kuzaa. Nyinyi mlikuwa mnaizuia njiani tu. Mwaka huu imejua njia."

Mzee hakushindwa upesi. Alimpeleka Suyun kwenye zizi, akapika mwenyewe. Aliunguza tangawizi na nyusi. Wakanywa, yeye na mwanawe, macho yakiwa yamefungwa kwa bidii. Zizini kondoo jike walikuja wakalala kumzunguka Suyun, na mashavu yake yakawa mekundu kama kunazi. Mzee akampeleka Suyun kwa shangazi yake, ng'ambo ya mlima. Shangazi alituma salamu: theluji ya kwenye paa lake imeyeyuka, na Suyun akae siku nyingine chache.

"Ipo njia," alisema Tabibu Dou aliporudi kutazama chafya, Suyun akiwa amesharudishwa nyumbani. "Mketishe hapa. Anywe bakuli lake, na mama mkwe wake anywe lake. Supu ikimkuta ameshashiba, itakaa na nyinyi."

Mzee Hao alivuta kiko chake hadi kikazimika. Alikuwa akifikiri kwa dhati. Jingtang alimtazama mkewe, kisha akatazama bakuli.

"Mezani hakuna nafasi," Mzee akasema mwishowe.

Meza ilikuwa na pande nne. Tabibu alihesabu wanaume wawili, akamaliza chai yake, akaenda zake.

Basi mambo yakaendelea. Wanaume walikunywa na kupiga chafya. Suyun alipasha vitanda vyao joto kwa kulala pale kidogo kabla yao, kwa kuwa hilo halikuhitaji nafasi mezani. Nywele zake zilinenepa. Jino lililomng'oka akiwa mjamzito liliota tena.

Jioni moja mama mkwe alikuja kukaa nyuma yake jikoni, akauegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa Suyun.

"Sogea, mwanangu. Aah. Hapo. Nimeipika supu hii tangu nilipokuwa bibi harusi. Mimi haikunifuata."

"Labda ilikuwa inaona haya, Mama."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa, na Lamei, asiyejua lolote, akacheka pia.

Karibu na mwaka mpya, wanawake wa kijiji walianza kuja uani na mabeseni ya nguo, kwa sababu maji aliyotia mikono Suyun hayakuganda. Walifua wakiwa wamekunja mikono ya nguo, katikati ya theluji, wakitaniana.

"Suyun, mguse na mume wangu, huenda akaamka mapema!"

"Mlete. Lakini akiyeyuka usinilaumu."

Mvuke ulipanda kutoka kwenye mabeseni na kuelea juu ya uwanja. Ndipo sauti ya Mzee Hao ikatoka ukumbini.

"Supu imepoa!"

Suyun alijipangusa mikono, akaingia. Aliweka kiganja ubavuni mwa bakuli, na supu ikachemka. Mzee akashukuru kwa kutikisa kichwa, akanywa, akapiga chafya. Suyun akarudi uani kumalizia nguo.