Vyungu Sita vya Gorofa ya Tatu

Mwongeli na Kalondu hawakupikika chungu kimoja, na ploti nzima pale Kabati ilijua. Mwongeli alikaa gorofa ya tatu, na vyungu vyake sita vya maua kwenye veranda. Kalondu, Mama Ndeti, alikaa chini kabisa, na kila mvua iliponyesha, maji ya matope yalidondoka kutoka vyunguni hadi kwenye rinda lake jeupe la kwaya. Walitukanana mpaka keateka, mtunza ploti, akachoka kuwaamua.

Lakini vile vyungu! Mwongeli angekufa navyo. Maua yale huota kutoka kwa vitunguu, na vitunguu hivyo alivichimba kule Zombe, kando ya kaburi la mama yake, wiki moja kabla ya kaka yake Mbuvi kuuza shamba na mnunuzi kuleta trekta. Kingine cha mama hakikubaki. Kila Novemba maua yalichomoza mekundu, ya mviringo, naye aliketi kando yake na chai, akiongea na mama. Kiangazi yalinyauka yote, ukabaki udongo mtupu.

“Unafuga mchanga, Mama Mutanu?” Kalondu alimcheka kwenye ngazi, mwezi wa nane.

“Yamelala,” Mwongeli akamjibu kwa ukali. “Saa hii ukiyamwagia maji yanaoza. Haya, peleka mdomo wako kwingine.”

Laiti angefunga wake.

Septemba binti yake Mutanu alijifungua kule Salama, naye akaenda kumsaidia wiki tatu. Aliporudi, alikuta wanawake wa kanisa kwa Kalondu, maombi yamekwisha, chai inanywewa.

“Bwana asifiwe, Mama Mutanu!” mmoja akamwita. “Huyu dada amepanda na mtungi kila jioni kumwagilia maua yako! Na vile maji ya mfereji yanakuja Jumanne peke yake! Ameoga na maji ya kikombe kwa sababu yako.”

“Tumesameheana,” Kalondu akasema, akitabasamu. “Si ndio?”

Mwongeli alipanda ngazi mbio, mzigo ukiwa bado mgongoni. Akatia mkono kwenye chungu cha kwanza. Uji. Cha pili, uji unaonuka. Alichimbua vyote sita akilia kwa sauti, akimwita mama yake. Kwenye cha mwisho, ubavuni mwa kitunguu kilichooza, vidole vikapata kitoto kimoja kigumu, kidogo kama punje ya kitunguu saumu. Alikifuta, akakifunga kwa gazeti, akakificha kabatini. Kisha akarudisha udongo vyunguni, akausawazisha vizuri, akanawa uso, akashuka.

Kalondu aliweka kikombe chini. Alikuwa akiyangojea matusi hayo wiki tatu, ayapokee mbele ya mashahidi.

“Mungu akubariki, Mama Ndeti,” Mwongeli akasema. “Kumbe una roho safi hivi! Mimi mgongo umeisha kwa kubeba mtoto, mtungi siuwezi. Tafadhali usiache. Kila jioni, mpaka mvua inyeshe.”

“Amina!” wanawake wakaitikia, wakapiga makofi.

Kalondu naye akalazimika kupiga makofi. Angesema nini? Kwamba yameoza? Na amejuaje?

Jioni hiyo, na zote zilizofuata, Mwongeli aliketi mlangoni na chai yake, akiusikiliza mtungi ukigonga ngazi moja moja mpaka juu.

“Mwaga tu, mama,” alimwambia Kalondu. “Mwaga, usiogope.”