Mikono Miwili ya Kushoto

Mjukuu wangu tulimwita Bosi, maana akifungua kinywa nyumba nzima inasimama. Mimi nilimwita mume wangu, kama bibi yeyote mwenye haki yake. Nilikuja kwa binti yangu alipojifungua, nikaja na cherehani yangu pia, kwa kuwa nisipokanyaga pedali siku mbili miguu hunivimba. Nikawa ndiye wa kumwogesha mtoto, kumkanda na kumpaka mafuta mpaka anateleza kama sabuni.

Nguo hazikuwa kazi yangu. Wifi yake binti yangu, dada wa mumewe, ni fundi mwenye kibanda chake sokoni, na alikwisha kuleta rundo zima, kuanzia kofia mpaka soksi. Baba mtu ni dereva wa lori. Akipata siku ya kulala nyumbani, kubembeleza ni kwake.

Asubuhi moja nikamkuta binti yangu amekaa kitandani, mtoto kifuani, machozi yanamlenga.

"Mama, huyu mtoto ni wa nani?"

"Maswali gani hayo, mwanangu?"

"Kuoga, kwako. Kuvaa, kwa wifi. Kubembelezwa, kwa baba yake. Mimi ni bomba la maziwa tu. Watu wanafungua, wanafunga."

Nilitaka kucheka, nikaona si mahali pake.

Mchana ule wifi akapita, futi yake ikining'inia shingoni. Jumamosi mpiga picha alikuwa aje kumpiga mtoto picha yake ya kwanza, ile ya kutundikwa sebuleni, mpaka aote ndevu bado iko pale.

"Lete huyo Bosi wa watu nimpime," wifi akasema. "Kwa picha hiyo namshonea suti."

"Wifi, usihangaike," binti yangu akamkata. " Siku ya picha atavaa nitakachoshona mimi."

Futi ikamtoka shingoni. Binti yangu anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ukimuuliza saruji, bati au misumari ya kila inchi, anakujibu amefumba macho. Lakini uzi hata kuutunga kwenye sindano nilikuwa namtungia mimi.

"Wewe?" Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Sindano unayoijua wewe ni ya zahanati! Mtoto si mlango, wifi yangu, hapigiliwi misumari."

"Cheka umalize. Jumamosi njoo na macho yako."

"Nitakuja nayo, na suti itakuwa kwenye mkoba. Sitaki mtoto wa kaka yangu apigwe picha kifua wazi."

Alipoondoka, binti yangu akafungua kabati akatoa gauni lake alilovaa tangu tumbo lilipoanza kuonekana. La buluu, lina ndege wa manjano.

"Hili ndilo nitakalokata. Humu ndimo alimokaa. Hawa ndege aliwapiga mateke kwa ndani, sasa awavae kwa nje."

Nikamwekea sheria yangu: anayeanza huanzia mkononi, cherehani yangu haiguswi. Tukatandika mkeka. Nikamfundisha kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, kabla ya mshono wenyewe. Nami nikifundisha siwezi kunyamaza.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ana nyuso mbili. Mmoja unaiona dunia, mwingine unaiona ngozi."

"Ni mimi hapo, mbele ya mteja anayekopa."

"Hujapata."

Akakitazama kitambaa mapajani mwake. "Nguo! Nje na ndani."

"Umepata. Haya, shona."

Siku ya kukata nilikuwa uani namwogesha mume wangu. Binti yangu akaweka karatasi ya kukatia mkono wa shati juu ya kitambaa, akaizungushia chaki, akakata. Akaiinua, akaiweka vilevile, akakata wa pili. Kumbe mkono wa pili karatasi hugeuzwa. Hilo sikumwambia, maana kwangu ni kama kumwambia mtu apumue.

Ijumaa tukamvisha mtoto shati likiwa na bandi zake. Mkono wa kushoto ukakaa vizuri. Wa kulia ukamvutia bega nyuma, Bosi akawa kama askari aliyekosea amri. Akapiga ukelele wake.

"Mama, nini hiki?"

"Umekata mikono miwili ya kushoto, mwanangu."

Akatafuta kwenye mabaki ya gauni. Vipande vya kola na mfuko alikwisha kuvikata, na kilichobaki kilitosha kufutia miwani. Kisha akamchukua mtoto, akaingia chumbani kunyonyesha.

Mikono yangu ikaanza kuniwasha. Kwenye sanduku langu nilikuwa na kitambaa cheupe. Mkono mmoja, dakika chache kwenye cherehani, nani angejua? Nikalichukua lile shati, nikafumua bandi ya kwanza.

"Mama, weka chini."

Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani.

"Nakusaidia tu."

"Ukishona wewe atakuwa amevaa ya bibi yake. Za bibi na za shangazi anazo kabati zima. Weka chini, nakuomba."

Nikaweka. Nikajikalia juu ya mikono yangu kama mtoto wa shule.

Akanipa Bosi, akaketi, akaufumua ule mkono mbovu mwenyewe, polepole. Akaushika hewani. Akaugeuza. Ndani ya kitambaa ndege walikuwa wamefifia, kama wanaoruka kwenye ukungu. Akausogeza hivyo hivyo kwenye bega la shati, ukaingia.

"Nyuso mbili," akasema taratibu. "Mama! Nikiushona ndani nje, unakuwa wa kulia!"

"Lakini utaonekana umepauka, mwanangu. Watu watasema umekosea."

"Watasema hivyo ukiwa peke yake." Macho yake yalikuwa yanawaka. "Kola nayo naigeuza. Na mfuko. Nani atasema nimekosea mara tatu?"

Akashona mpaka shati likaisha, nami nikamshikia mtoto tu, basi.

Jumamosi wifi akafika na mkoba wake. Bosi alikuwa juu ya mto, shati mwilini, ndege wang'aao huku, ndege wa ukungu kule. Wifi akainama. Akalikagua pindo.

"Pindo limelewa hili, linayumba."

"Limelewa, ndiyo. Endelea."

Akagusa kola. Akagusa mfuko. Akaufuata ule mkono uliopauka mpaka begani, akaupindua kuangalia ndani.

"Wifi," akasema hatimaye, "hili wazo umelitoa wapi? Nakata nguo tangu usichana wangu, sijawahi kutumia ndani ya kitambaa. Nionyeshe ulivyofanya."

"Mtoto si mlango, eti?"

"Nimekoma, wifi yangu!" Akaisukuma suti chini kabisa ya mkoba, akamwambia mpiga picha asogee, mfuko uonekane.

Nikapiga kigelegele. Bosi akashtuka, akanyoosha mikono yote miwili juu, na hapo hapo picha ikapigwa. Ndiyo iliyoko ukutani.

Walipoondoka binti yangu akaja kukaa karibu nami.

"Kitendawili!"

"Tega," nikasema, nikashangaa, maana hajawahi kunitegea.

"Alikuja na mikono miwili ya kushoto, leo ana yote miwili ya kulia."

Nilijua anayesemwa si shati, ni yeye mwenyewe. Lakini nikajikuna kichwa.

"Nimeshindwa. Nikupe mji?"

"Mji sitaki, Mama. Nipe kiti cha cherehani."

Nikainuka, nikampisha.