Kadi ya Nisitiri

Ofisini kwetu asili ya neno haiingii kwenye kamusi mpaka mashahidi wawili wa nyumba tofauti waieleze, kila mmoja peke yake, bila kudokezwa. Sheria hiyo niliitunga mimi, na nimewatoa vijana machozi kwa ajili yake. Kitabu kilikuwa kinakwenda mtamboni, imebaki kadi moja tu: nisitiri, ule mtama mweusi wa punje ndogo.

Nilimuuliza mama jikoni akipepeta, nikitegemea jibu la mkato. Aliweka ungo chini. Akasema jina lile lilitoka kinywani mwa bibi, mama yake.

Mwaka wa njaa mtama ule uligawiwa kwa vichwa, kibaba kwa kila kichwa, na asiyeonekana hakuhesabiwa. Bibi alikuwa na watoto wawili: mama, wa miaka saba, na mdogo wake wa mgongoni.

"Mdogo wangu alikuwa ameshakufa, siku ya pili," mama alisema. "Mama akambeba vilevile, tukapanga foleni. Mpimaji akafunua nguo, akaona. Mama akamwambia, 'Nisitiri.' Akatupimia vibaba vitatu. Cha tatu nilikila mimi."

Tangu hapo nyumbani kwao mtama ule haukuitwa vingine, na majirani wakalidaka jina bila kuuliza. Mama aliniomba niandike yote, maana mdogo wake hakuandikwa popote. Nilimwahidi.

Mpimaji yule yu hai, mtaa wa pili, kikongwe wa kushikwa mkono. Nilimwamkia, nikamuuliza swali letu la kawaida: jina la mtama huu lilitoka wapi? Akataka kujua mimi ni mtoto wa nani. Nilipomwambia, aliuachia mkono wangu.

"Sijui, mjukuu wangu. Tulilikuta hivyohivyo."

Nilijua anajua, ila bado anamsitiri bibi. Ningeweza kumwambia kwamba mama ameshasema mwenyewe, lakini huko ni kumlisha shahidi maneno, na kwa kosa hilo nimewahi kumfukuza mtu kazi. Nilirudi ofisini nikaandika: asili haijulikani. Nilijichukia.

Kitabu kilipotoka, mama aliomba nimwonyeshe mdogo wake yuko wapi. Hajui kusoma. Nilikishika kidole chake, nikakiweka juu ya maneno yale mawili, naye akayapapasa taratibu mpaka mwisho wa mstari.