Mlio wa Wembe

Ijumaa jioni, zikiwa zimebaki dakika chache Sabato iingie, Mwalimu Angwenyi alisimama mbele ya kipande cha kioo alichokibana kwenye shina la mgomba, akaanza kujichuna. Mwenyewe aliita kunyoa. Aliivuta ngozi ya shingo mpaka ikakaza, akaupandisha wembe kutoka kooni kwenda kidevuni, akarudia papo hapo mara ya pili na ya tatu, kana kwamba anatafuta kitu kilichofichwa chini. Maji yalikuwa ya baridi, na sabuni ni ile ile ya kufulia mashuka. Alipomaliza alijipaka spiriti, akafumba macho na kukanyagakanyaga chini kama mtu aliyeingia kwenye njia ya siafu.

Alikuwa na sababu zake, na kwa mtu wa imani yake zilikuwa sababu nzuri. Siku ya Sabato hakuna kupasua kuni, hakuna kupika, hakuna kushika wembe. Kwa hiyo kila Ijumaa, siku ya Maandalio, Angwenyi alikata ndevu kwa kina cha kutosha kuvuka Sabato na Jumapili, ili Jumatatu aingie darasani na uso mtupu. Hesabu hiyo ilitimia kila wiki. Ndevu hazikuonekana. Kilichoonekana kilikuwa kibaya zaidi: vipele vyekundu vilivyotanda kutoka sikio hadi sikio, vingine na vichwa vya usaha, na madoa meusi mahali ambapo vya wiki iliyopita vilikuwa vimepasuka. Ijumaa iliyofuata alipitisha wembe juu ya hivyo hivyo.

Ilikuwa mwaka 1971, naye alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mitatu katika shule ya misheni karibu na Magwagwa, bila kuthibitishwa kazini. Shule ilipofungwa mwishoni mwa Novemba, mwalimu mkuu, Bwana Machogu, alimwita ofisini na kumweleza mambo kwa upole uliouma kuliko kufokewa. Halmashauri ingekaa Januari, siku ya kufungua shule, kuamua nani atathibitishwa na nani ataaga. Kanuni ilikataza mwalimu kufuga ndevu. Na ingawa haikuandikwa popote, alisema Machogu, mwalimu hawezi kusimama mbele ya watoto akivuja usaha. Angwenyi alikuwa amekwama kati ya mambo hayo mawili, na alipewa mwezi mmoja na nusu kujikwamua.

Hakuwa amekaa bure. Mganga wa zahanati mjini Kisii alimpa dawa nyeupe ya kupaka, ikamtia ukoko. Kinyozi wa pale karibu na soko la ndizi alimnyoa kwa mbwembwe nyingi, akamrudisha nyumbani na kola yenye damu. Kabla shule haijafungwa, hata darasani Angwenyi aliongea na ubao zaidi ya wanafunzi, na kicheko chake, ambacho mkewe alikipenda kabla ya kumpenda mwenyewe, kilikuwa kimekauka. Alianza kusema kwamba kuchuma chai nako ni kazi. Mkewe, Mokeira, alijua kwamba mtu huyu aliupenda ubao na chaki kama wengine wanavyopenda ng'ombe, na kwamba akifukuzwa pale kitu ndani yake hakitainuka tena.

Ndipo alipomtaja mama yake.

Mama huyo, Bonareri, alikuwa mnyoaji wa wafiwa. Mtu akizikwa, watu wa nyumba ile hunyolewa vichwa, na kwa zaidi ya miaka thelathini, kutoka Magwagwa hadi Marani, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa amenyoa wajane waliotetemeka, wazee wenye ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na vichanga. Mokeira alisema hajawahi kuona tone la damu kwenye wembe wa mama yake, wala kusikia mtu akilalamika kuwashwa kesho yake.

Angwenyi alimtazama mkewe kama aliyesikia tusi. Kwanza, alikuwa mtu wa chuo, na mambo ya wembe wa msiba aliyahesabu kuwa ya zamani. Pili, na hili halikuwa la mzaha hata kwa mtu wa chuo, Bonareri alikuwa mama mkwe wake. Kati ya mkwe na mama mkwe kuna chinsoni, ile haya ambayo Abagusii huinyonya na maziwa. Hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kwenye shamba la chai mpaka mwenzake apite. Kumwambia mama huyo amshike kidevu kulikuwa jambo lisilowezekana hata kuota.

Mokeira hakubishana. Alikwenda kwao na kurudi na jibu fupi: aje, aketi chumba cha mbele, na wembe wake.

Nyumba ya Bonareri ilikuwa na vyumba viwili, cha mbele cha wageni na cha ndani chenye jiko, na kati yao ukuta wa udongo usiofika kwenye paa. Angwenyi aliketishwa kwenye kigoda mgongo ukielekea ukuta huo. Upande wa pili alisikia kuni zikisogezwa, kisha mtu akikaa. Salamu zilipitia kwa Mokeira, aliyesimama mlangoni. Halafu sauti ya mama ikavuka juu ya ukuta, tulivu, kwa lugha yao ya Ekegusii, ikimwomba apitishe wembe shavuni mara moja tu, kama anavyofanya siku zote.

Alifanya hivyo, akijiona mjinga.

"Weka chini," Bonareri alisema. "Unapigana na nani?"

Angwenyi aliuweka wembe gotini.

"Umeanzia chini ukapanda, na umevuta ngozi. Wembe ni butu upande mmoja. Nao uso ni mkavu. Wembe ukienda na nywele hunong'ona, mwanangu. Huo wako unapiga kelele."

Kila neno lilikuwa kweli. Angwenyi aliutazama wembe, akaugeuza, akauona ukingo mmoja umeota meno madogo. Alikuwa amefundishwa na wakufunzi wa chuo waliomtazama usoni miaka miwili mizima bila kumwona kama alivyoonekana sasa na mtu asiyemtazama kabisa.

Mama alimweleza bila haraka. Alikuwa akizikata nywele mpaka chini ya ngozi, nazo zikitaka kutoka zikakuta mlango umefungwa, zikajipinda na kumchoma kwa ndani. Vile vipele vilikuwa ndevu zake mwenyewe zinazotafuta njia. Kwa hiyo asinyoe tena mpaka atakapoitwa. Asubuhi na jioni aweke kitambaa cha maji ya vuguvugu kwenye taya, akae nacho muda wa wimbo mmoja mrefu wa kanisani. Asitumbue kitu, asikune. Na ile spiriti ampe mtu mwenye ng'ombe mwenye kidonda.

Wiki nne zilizofuata zilikuwa ndefu. Ndevu zilichomoza huku na huko kama majani kwenye shamba lililopaliliwa vibaya, na kanisani mzee mmoja alimuuliza kama anaumwa. Lakini asubuhi moja, akiwa amefunika taya kwa kitambaa, Angwenyi alihisi kitu kikiachia chini ya kidevu. Alipotazama kiooni aliona unywele mrefu, uliojikunja kama springi ya saa, umetoka wenyewe kutoka kwenye kipele kilichomtesa tangu Septemba. Hakukuwa na damu. Siku za mbele zilitoka nyingine. Ngozi iliyokuwa imevimba ilishuka kidogo kidogo, na Mokeira akamkuta akicheka peke yake nyuma ya nyumba.

Aliitwa Jumapili, kesho yake shule ifunguliwe. Kigoda kilikuwa pale pale. Safari hii Mokeira alimletea beseni la maji ya moto, sabuni ya kuogea, na wembe mpya uliokuwa bado kwenye karatasi. Alikaa na kitambaa usoni mpaka kikapoa, akakichovya tena. Alipotaka kushika wembe, sauti ilimzuia.

"Bado. Fumba macho. Pitisha vidole, uniambie nywele zako zinalala wapi."

Angwenyi alifumba macho. Mashavuni zililala chini, hilo alilitarajia. Kidevuni zilielekea kati. Lakini kila alipodhani amemaliza, vidole vilikuta njia nyingine, na akashangaa kwamba kwa miaka zaidi ya kumi alikuwa ameuendesha wembe juu ya uso huu kama mtu anayelima shamba la jirani gizani.

"Sasa nenda nyuma ya sikio la kushoto," alisema Bonareri, "ushuke shingoni. Hapo zinazunguka. Zinapanda, halafu zinageuka kwenda nyuma. Hapo usishuke na wembe. Zifuate."

Alipapasa. Zilikuwa zikizunguka kweli, duara dogo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulijua. Alifumbua macho na kumtazama mkewe mlangoni. Mokeira alitikisa kichwa: hakuwa amesema neno, na hata yeye hakulijua.

"Nani alikufundisha kunyoa?" sauti iliuliza.

"Hakuna, mama. Baba alikufa nikiwa na miaka mitano. Huko Marani."

Upande wa pili kijiti kilisukumwa jikoni. Moto ulisikika ukila kuni.

"Najua," Bonareri alisema hatimaye. "Walinifuata niwanyoe. Mlikuwa watoto wanne. Watatu walikubali, wa mwisho akakimbilia migombani akapiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Nilimpakata. Niliweka mkono kichwani mwake muda mrefu kabla sijaweka wembe. Nyuma ya sikio la kushoto nikakuta nywele zinazunguka, nikageuza mkono."

Angwenyi aliinua mkono akagusa nyuma ya sikio lake.

"Ulilala," alisema mama. "Wembe ukiwa kichwani, ulilala. Katika miaka yote hii sijaona mfiwa mwingine aliyelala. Watu wenu walipokuja kumposa Mokeira na kutaja jina la baba yako, nilijua ni kichwa gani kinaingia nyumbani kwangu, na nilijua sitakigusa tena."

Siku ile Angwenyi hakuikumbuka. Alikumbuka baridi ya kichwa kitupu kwa siku nyingi baadaye, na hakukumbuka uchungu wowote. Sasa kitu kilimjaa kifuani, kikubwa mno, hofu na furaha kwa pamoja. Kwamba aliwahi kushikwa hivyo siku mbaya kuliko zote maishani mwake. Kwamba mtu aliyejificha kwenye mashamba ya chai miaka sita ili asimwone alikuwa amemhifadhi kwenye vidole muda wote huo. Alitamani kuzunguka ukuta ule na kupiga magoti. Aliketi palepale, kwa sababu heshima aliyokuwa nayo ya kumpa ilikuwa hiyo hiyo ya kuketi.

"Mama," alisema.

"Paka povu," alisema Bonareri. "Maji yanapoa."

Alinyoa. Hakuvuta ngozi. Hakukandamiza. Aliufuata uso ulivyolala, mpito mmoja mahali pamoja, akisuuza wembe kila mara, na alipofika nyuma ya sikio la kushoto aligeuza mkono. Wembe ulinong'ona. Mara moja tu mama alisema "taratibu," naye alikuwa ameharakisha kweli. Alibakisha kivuli chembamba ambacho zamani angekifuatilia mpaka damu itoke, akakiacha. Mwishoni alijimwagia maji ya baridi ya kisimani, akajikausha kwa kubonyeza kitambaa badala ya kusugua.

"Mokeira," ilisema sauti ya ndani, "mpapase mumeo, uniambie."

Mokeira alivuka chumba, akaweka kiganja kwenye shavu la mumewe, akakishusha hadi shingoni mbele ya mama yake aliyekuwa nyuma ya ukuta, jambo ambalo siku nyingine lingemtia haya. Alisema ni laini, na kwamba hakuna damu. Bonareri alishusha pumzi, akaanza kukusanya kuni zake.

Jumatatu, kabla halmashauri haijakaa, Bwana Machogu alimwita Angwenyi ofisini na kumweka karibu na dirisha. Alimkagua shavu moja, akamkagua la pili, akainama kuona chini ya kidevu. Madoa ya zamani yalikuwepo bado, lakini yamefifia, na ngozi ilikuwa imetulia. Mwalimu mkuu alirudi kitini, akavuta karatasi ya majina, akaandika neno moja, "Athibitishwe", mbele ya jina la Angwenyi na kumgeuzia alisome. Kisha, akilegeza kwa kidole kola iliyogusa vipele vyake mwenyewe, aliuliza kwa sauti ya chini ni kinyozi gani huyo, na kama ni wa mjini Kisii.

"Ni mama mkwe wangu," Angwenyi alisema.

Kalamu ilisimama. Machogu alikuwa Mgusii wa Kitutu, amekulia ndani ya chinsoni hiyo hiyo. Alimtazama kijana huyu kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Amekunyoa mama mkwe wako?"

"Hakunigusa, Mwalimu. Alikuwa nyuma ya ukuta. Alisikiliza."

Kengele ya kuingia darasani ililia uwanjani, na hakuna kati yao aliyeinuka. Machogu alikuwa ameacha kushika kola. Uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtu aliyeingia kanisani akakuta wimbo umekwisha kuanza.

"Anafananaje?" aliuliza.

Angwenyi alifikiri, maana alitaka kujibu vizuri.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kumtazama."